Cheti cha kompyuta: Kipi kilipiwe, kipi kiachwe

Biashara ya kuvuka mipaka Afrika Mashariki siku hizi hupita kwenye kompyuta kabla ya kupita getini. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, mzigo wa kwenda nchi jirani huandaliwa nyaraka na kulipiwa kodi kabla lori halijaondoka bandarini. Mtandao wa ofisi ukikatika asubuhi, gari hulala, na gharama ya kulala humwangukia mwenye mzigo au mwenye gari.

Kwa sababu hiyo wamiliki wa malori na mawakala wa forodha hutafuta vijana wanaojua kompyuta, na wengine huwalipia ada watoto wao au makarani wao. Swali ni je, fedha hiyo inunue cheti gani?

Vyeti si vya aina moja

Aina ya kwanza ni cheti cha elimu kinachotambuliwa na serikali. Nchini Tanzania vyuo vya ufundi husimamiwa na NACTVET, na stashahada ya kawaida iko ngazi ya 6. Nchini Kenya vyuo vya aina hiyo husajiliwa na TVETA, na stashahada pia iko ngazi ya 6 katika mfumo wa taifa wa sifa. Masomo huchukua muda mrefu, lakini cheti hakiishi muda wake na humfungulia kijana njia ya kwenda chuo kikuu.

Aina ya pili ni cheti cha kimataifa cha ujuzi. CompTIA A+ ni cha fundi anayeanza na kina mitihani miwili. CCNA ya kampuni ya Cisco ni ya mitandao ya kompyuta na ina mtihani mmoja, ambao ada yake imekuwa dola 300 za Marekani mbali na kodi na gharama za masomo. Vyote viwili hudumu miaka 3, kisha mwenye cheti hutakiwa kukihuisha. Anayelipia leo ahesabu na gharama hiyo ya baadaye.

Aina ya tatu ni cheti cha kuhudhuria mafunzo. Hiki huonyesha kwamba mtu alikaa darasani, si kwamba alifaulu mtihani. Kinaweza kumsaidia karani ajifunze kuandaa hesabu na barua, lakini kisilipiwe kwa bei ya cheti cha pili.

Kazi kwanza, cheti baadaye

Kabla ya kulipa, ni vizuri kujua kijana atafanya kazi gani. Wa kutunza kompyuta na mashine za kuchapa za ofisi anafaa kuanza na A+. Wa kuunganisha bohari, ofisi ya mpakani na makao makuu anahitaji CCNA. Wa kuingiza nyaraka za mizigo kwenye ASYCUDA World, mfumo uliobuniwa na UNCTAD na unaotumiwa na Uganda, Rwanda na Burundi, hatapata ujuzi huo katika vyeti hivyo viwili. Huyo anafaa zaidi kusomea EACFFPC, cheti cha uwakala wa forodha kinachosimamiwa na shirikisho la mawakala, FEAFFA, pamoja na mamlaka za mapato.

Je, kitavuka mpaka?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Hata hivyo, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo ndio waliotangulia kutiliana saini za kutambuana sifa. Mafundi wa kompyuta hawakuwamo. Hapo ndipo cheti cha kimataifa kinapopata thamani yake, kwani mtihani wa Kampala ndio huo huo wa Dar es Salaam. Lakini cheti si kibali cha kazi. Kibali hutolewa na nchi anayokwenda mhusika.

Dalili za kupoteza fedha

Chuo kinachonadi MCSE kama cheti kipya kiepukwe, kwa kuwa Microsoft iliacha kukitoa Januari 2021. Aidha, chuo kioneshe usajili wake, na kiseme wazi iwapo ada inajumuisha mtihani wenyewe au masomo tu. Kwa mwajiri, cheti cha CompTIA au Cisco kina namba ambayo huhakikiwa kwenye tovuti ya mtoaji. Mwombaji anayekataa kutoa namba hiyo asipewe funguo za mfumo wa ofisi.

Kwa mwenye fedha kidogo, ipo njia ya kujaribu kwanza. Cisco Networking Academy ina masomo ya mwanzo yasiyolipiwa, pamoja na programu ya mazoezi iitwayo Packet Tracer. Mwezi mmoja au miwili ya masomo hayo huonyesha kama kijana ana moyo wa kazi hiyo, kabla mzazi hajagusa mtaji wa duka.