Wachimbuzi na Waashi wa Mfupa

Msomaji wetu mmoja, ambaye mamaye mwenye umri wa miaka 74 anakaa Leicester, Uingereza, ameuliza ni kwa nini tabibu wa mtaa, badala ya kumpima mifupa, alimsaili tu kama avuta tumbaku, kama amevunjika mfupa zamani, na kama mmoja wa wazazi wake alipata kuvunjika nyonga. Hayo ni maswali ya FRAX, hesabu iliyotoka Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, ikadiriayo hatari ya mtu kuvunjika katika miaka 10 ijayo. Namna ijumlishwavyo naiacha, kwani ajabu yenyewe imo ndani ya mfupa.

Aghalabu twaudhani mfupa kuwa jiwe, ilhali ni mfano wa nyumba kongwe ya Lamu, iliyodumu karne nyingi kwa kuwa kila mara chokaa iliyochakaa huchimbuliwa, na nyuma yake mwashi akajaza mpya. Chembe hai za mfupa zitanguliazo kuchimbua naziita wachimbuzi, wala siridhii "wavunja-mfupa", maana avunjaye ni anguko. Na zifuatazo ni waashi, jina litokanalo na kitenzi chetu cha kale, kuaka, yaani kujenga kwa mawe. Mchimbuzi hujibandika juu ya mfupa, akaziba kingo zake zote kama bakuli lililofudikizwa, kisha chini yake humwaga asidi iyeyushayo madini, na kimeng'enya kisagacho nyuzi zilizosalia. Kazi hiyo humchukua majuma machache tu, walakini waashi hulijaza shimo lile kwa miezi kadhaa. Msimamizi awazuiaye wachimbuzi wasipite kiasi ni homoni ya estrojeni: hedhi ikikoma naye huondoka, mashimo yakafunguliwa mengi kuliko waashi wawezavyo kuyaziba, na nyumba, ijapokuwa kwa nje ni ile ile, kuta zake zimeliwa kwa ndani. Dawa za bisfosfoneti hushikamana na madini ya ukuta, mchimbuzi akazila pamoja nayo, akaishiwa nguvu papo hapo kazini.

Katika utafiti wa SCOOP uliofanywa Uingereza kwa wanawake 12,483 wa miaka 70 hadi 85, waliosailiwa maswali hayo ya FRAX, na wenye hatari kubwa wakapimwa na kutibiwa, walivunjika nyonga kwa asilimia 28 pungufu ya wenzao, ingawa jumla ya mivunjiko yote haikupungua. Namsihi basi mama yetu ajibu kila swali kwa ukamilifu, na ikiwa marehemu bibi aliwahi kuvunjika nyonga, hata kama ni miaka 40 iliyopita, hilo alitaje.