Watu Wanne Katika Zamu Moja: Jinsi ya Kuandika Mambo ya Ajabu ya Besiboli

Tangu ile mechi ya mabweni ya muhula huu, sipiti uani bila kuulizwa: "Ewe mwandishi, ni hesabu gani hiyo ya kuandika K nne katika zamu moja?" Wengine huuliza kwa mzaha, na wengine kwa hasira hasa, maana mimi ni mtu wa bweni lililoshindwa. Mhariri ameniambia kuwa, badala ya kujibu mmoja mmoja, ni afadhali niandike jambo lote hapa. Nami nimekubali kwa furaha, kwa sababu lawama hii si yangu peke yangu. Ni ya kitabu cha mechi pia, nacho kitabu hakina mdomo.

Kwanza nisemee wazazi ambao hawajaona mchezo huu. Besiboli ni mchezo wa Wamarekani, na hapa Tanzania umekuzwa zaidi na Wajapani; uwanja wake pale Azania, Dar es Salaam, ulifunguliwa mwaka 2018. Kila timu ina wachezaji 9 uwanjani. Mtupaji humtupia mpigaji mpira, na nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji mwenye glavu nene. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia, na akizunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani, yaani pale alipoanzia, amepata bao moja. Akiukosa, au akiuacha mpira mzuri upite, hiyo ni straiki. Straiki tatu, ametolewa. Wakitolewa watatu, zamu imekwisha.

Pembeni hukaa mwandishi na kitabu chake chenye vyumba vidogo vidogo, kimoja kwa kila mpigaji. Hatuandiki majina ya walinzi, huandika nambari za mahali wanaposimama. Mtupaji ni 1, mdakaji 2, wa kituo cha kwanza 3, wa pili 4, wa tatu 5. Yule asimamaye kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6, na watatu wa nyuma ni 7, 8 na 9. Basi ukiona 6-3, fahamu kwamba mpira ulibiringika kwa nambari 6, akautupa kituo cha kwanza, na mpigaji akatolewa kabla hajafika. Mtu aliye mbali akiletewa ukurasa huo ataisoma mechi yote kama asomavyo barua.

Na K ni mtu aliyetolewa kwa straiki tatu. Alama hiyo ni ya Henry Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1824 akakulia Marekani, akawa mwandishi wa magazeti. Alichukua herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza "struck", kwa kuwa S alikwisha kuitumia kwa jambo jingine. Mpigaji akisimama tu bila kupunga gongo kwa straiki ya tatu, waandishi wengi huigeuza hiyo K ikatazama nyuma. Mimi huifanya hivyo kwa raha kubwa, sijui kwa nini.

Sasa turudi kwenye mechi yetu. Ilikuwa zamu ya saba, ya mwisho, bweni letu likiongoza kwa mabao 5 kwa 4. Mtupaji wetu alikwisha kuwatoa wawili wa kwanza kwa straiki tatu tatu. Wa tatu naye akapunga gongo mara ya tatu, akapiga hewa. Uwanja mzima ukapiga kelele, walinzi wetu wakarusha glavu juu, wakaanza kukumbatiana. Lakini mpira ulipita chini ya glavu ya mdakaji, ukabiringika mpaka kwenye ua wa michongoma. Mpigaji akautazama, akamtazama mwamuzi, kisha akatimua mbio. Alipofika kituo cha pili ndipo mtu wa kwanza wetu alipogutuka. Alipofika cha tatu mdakaji alikuwa bado anapapasa miibani. Akafika nyumbani akicheka. Mabao 5 kwa 5.

Mpigaji aliyefuata akatolewa kwa straiki tatu, na mchezo ukaenda zamu ya nane, ambayo tulifungwa 6 kwa 5.

Kanuni ni hii. Straiki ya tatu haina budi kudakwa. Isipodakwa, mpigaji ana ruhusa ya kukimbia, ikiwa kituo cha kwanza hakina mtu, au ikiwa wawili wamekwisha kutolewa. Pakiwa na mtu kituo cha kwanza, na waliotolewa hawajafika wawili, mpigaji ametolewa hata mpira ukianguka. La sivyo mdakaji mjanja angeuangusha kwa makusudi ili awatoe watu wawili kwa mpigo mmoja. Basi mtupaji wetu alistahili K yake, maana kazi yake aliitimiza. Lakini mpigaji hakutolewa. K nne, waliotolewa watatu. Huko Marekani, kwenye ligi kubwa, jambo hili limetokea mara nyingi.

Wala si sisi wa kwanza kushangilia mapema. Tarehe 5 Oktoba 1941, Brooklyn, katika mchezo wa nne wa fainali, timu ya Dodgers ilikuwa ikiongoza Yankees kwa 4 kwa 3 katika zamu ya tisa, wawili wamekwisha kutolewa. Tommy Henrich akakosa straiki ya tatu, na mpira ukamponyoka mdakaji, Mickey Owen. Henrich akakimbilia kituo cha kwanza. Kabla zamu haijakwisha Yankees walipata mabao 4, wakashinda 7 kwa 4, na kesho yake wakatwaa ubingwa.

Lakini shida yangu haikuwa ile K. Shida ilikuwa swali linalofuata: kosa ni la nani? Mpira ukigusa ardhi kabla ya kumfikia mdakaji, naye akashindwa kuuzuia, huo ni mpira uliopotea, na ni kosa la mtupaji. Bao hilo huhesabiwa juu yake. Lakini ukiwa ni mpira ambao mdakaji angeweza kuuzuia kwa juhudi ya kawaida, huo umemponyoka yeye, na bao haliandikwi katika hesabu ya mtupaji. Mwamuzi haulizwi. Yeye huamua nani ametolewa na nani yu salama. Kosa ni la nani, huamua mwandishi peke yake.

Mdakaji wetu hulala kitanda cha juu, mimi cha chini. Niliangalia vumbi, sikuliona. Mpira ulifika mzima, kimo cha goti, ukagusa ukingo wa glavu yake. Nikaandika kwamba umemponyoka. Wale wengine wanane waliokuwa wakikumbatiana sikuwaandikia kitu, kwa kuwa kanuni yasema wazi kwamba uzembe wa akili si kosa la kuandikwa. Hilo bado naliona gumu.

Jioni ile walikuja kama kumi hivi, wakidai kwamba nimeongeza mtu. Mwalimu wa michezo akaniambia, "Wahesabie." Na hapa ndipo uzuri wa kitabu unapoonekana, kwani hujikagua chenyewe kama daftari la duka. Kila mpigaji aliyemaliza zamu yake ni lazima awe amefikia mwisho mmoja kati ya mitatu: amepata bao, au amebaki kituoni zamu ilipokwisha, au nafasi yake imekwisha kwa mtu kutolewa. Kwa hiyo hesabu ya wapigaji haina budi kulingana na mabao, na waliobaki, na waliotolewa, vikijumlishwa. Zamu yetu: wapigaji 4. Bao 1, aliyebaki 0, waliotolewa 3. Kama ningeongeza mtu, pande mbili zisingelingana. Walihesabu kwa vidole, wakarudia, wakaondoka bila ya kuaga.

Yako na mengine ya ajabu. Mpira uliopigwa ukimgonga mkimbiaji wa timu ile ile kabla mlinzi hajaugusa, aghalabu mkimbiaji ametolewa, lakini mpigaji huandikiwa pigo safi. Na sifa ya kumtoa yule mkimbiaji hupewa mlinzi aliyekuwa karibu zaidi na mpira, hata kama alikuwa ameweka mikono kiunoni. Mpigaji akiumia akiwa na straiki mbili, na mwenzake akaingia badala yake akakosa ya tatu, K huandikwa kwa yule wa kwanza, ambaye labda yuko zahanati. Lakini mwenzake akiupiga, pigo ni lake mwenyewe. Tena mtu akipiga nje ya mpango, akafika kituoni, na wapinzani wakadai kabla ya mpira mwingine kutupwa, anayetolewa ni yule aliyepaswa kupiga. Naye huandikiwa zamu ambayo hakushika gongo kabisa, na mdakaji hupewa sifa ya kumtoa.

Mdakaji wetu hakusema nami siku nne. Siku ya tano, baada ya masomo ya usiku, alishuka kitandani akaniomba kitabu. Akapitisha kidole mpaka safu yake ya zamu ya saba.

"Na hizi tatu?"

"Ni zako. Straiki ya tatu ikidakwa, aliyemtoa mtu katika kitabu ni mdakaji."

"Zote tatu?"

"Zote."

Akakaa na kile kitabu mpaka kengele ya kuzima taa.