Sura ya Saba: Mnara Si Redio

Tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio binafsi za Bujumbura kwamba Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, ameondolewa madarakani. Jaribio hilo la mapinduzi halikufika mbali. Lakini kufikia siku ya pili yake, redio kubwa za binafsi zilikuwa zimezimwa na redio ya serikali ndiyo iliyobaki. Rema FM, iliyojulikana kuwa karibu na chama tawala, ilivamiwa na waliompinga rais. RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance zikavamiwa na waliomtetea. Studio zilichomwa au kuvunjwavunjwa, mitambo ikanyamaza, na makumi ya waandishi wakashika njia ya uhamishoni.

Vitabu vingi vya uongozi vikifika kwenye mada ya ubunifu hukimbilia Kodak, kampuni ambayo mhandisi wake alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975 na wakubwa wasijue waifanyie nini. Ni kisa kizuri, ila Kodak ilipata zaidi ya miaka thelathini ya kujifikiria kabla ya kufikishwa mahakamani na madeni yake mwaka 2012. Vyumba vya habari vya Bujumbura vilipewa usiku mmoja. Ndiyo maana mimi huona vinafundisha zaidi: pale palionekana upesi nani alikuwa anajua kazi yake ni ipi na kifaa chake ni kipi.

Turudi nyuma miaka ishirini. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Bujumbura kituo kiitwacho Studio Ijambo. Hakikuwa na mnara wala masafa. Kilitengeneza vipindi na kuvipeleka kwa wengine wavirushe, kwanza kabisa redio ya taifa. Nchi ilikuwa imeingia vitani baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na katika nchi jirani ya Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa imeshaonyesha mwaka uliotangulia jinsi redio inavyoweza kuchochea mauaji ya halaiki. Mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika kikabila. Mtutsi hakukanyaga Kamenge bila kuhatarisha roho yake, wala Mhutu Nyakabiga.

Ijambo iliajiri Wahutu na Watutsi, ikawatuma kwenye matukio wawili wawili, mmoja wa kila upande. Hebu tazama maana yake kikazi. Huyu anafungua mlango ambao mwenzake angefungiwa. Wakirudi ofisini wanakaa meza moja kuandika, na kila sentensi inapita kwanza masikioni mwa mtu ambaye huenda jamaa zake ndio wanaotajwa. Ukiandika "wauaji walitoka upande ule", kuna mtu kando yako atakayeuliza: umewaona, au umeambiwa? Mhariri hana haja ya kuwahubiria wafanyakazi wake haki na usawa, maana vimeshawekwa ndani ya ratiba ya safari. Hakikununuliwa kifaa chochote kwa ajili hiyo. Kilichobadilishwa ni nani anatoka na nani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika taasisi zetu neno "ubunifu" limo katika kila andiko la mradi, na mara nyingi maana yake ni kompyuta mpya. Redio za Burundi nazo ziliishi kwa pesa za wafadhili, kwa kuwa matangazo ya biashara hayakutosha kulipa mishahara. Mfadhili ni mteja mwema, lakini hupenda kuhesabu: vipindi vingapi, dakika ngapi, semina ngapi. Msomi wa biashara Clayton Christensen aliandika mwaka 1997 kwamba kampuni zinazoongozwa vizuri huanguka kwa kuwasikiliza mno wateja wao walio bora. Angekuja Bujumbura angeongeza sura moja kuhusu ripoti za robo mwaka.

Hata hivyo, mbegu ya Ijambo ilienea. Alexis Sinduhije, aliyepitia pale, alianzisha RPA mwaka 2001. Isanganiro ikatokana na Ijambo yenyewe mwaka 2002. Ulipofika uchaguzi wa 2005, redio zilizokuwa zikigombania wasikilizaji ziliunganisha waandishi wao na kurusha matangazo ya pamoja. Hakuna hata moja iliyokuwa na watu wa kutosha mikoa yote. Na habari inayosomwa na vituo vyote kwa wakati mmoja haina mwenyewe wa peke yake wa kubanwa. Kwa meneja wa redio, kumpa mshindani wako habari yako bora siku ya uchaguzi ni kidonge kichungu. Walikimeza.

Sasa turudi 2015. Mwishoni mwa Aprili, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza yalipoanza, serikali ilikata matangazo ya RPA mikoani, kisha ikazuia WhatsApp, Facebook na Twitter kwenye simu. Vijana wa Musaga na Nyakabiga wakajifunza kutumia VPN upesi kuliko wakubwa wao walivyojifunza kutuma picha. Yaani wasikilizaji walihama kabla ya redio. Jambo kama hilo liliwahi kuwatokea Safaricom: M-Pesa ilijaribiwa kuanzia 2005 ili watu walipe mikopo midogo kwa simu, wateja wakaigeuza njia ya kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 kampuni ilikuwa imeacha mpango wake na kufuata wa wateja. Kufuata namna hiyo kunamhitaji kiongozi asiyeona haya kufundishwa na anayemuuzia.

Studio zilipoharibiwa, kikundi cha waandishi kikaanzisha SOS Médias Burundi. Walirekodi, wakaweka sauti kwenye SoundCloud, wakasambaza kwa Facebook na Twitter, na watu wakaendeleza kwa WhatsApp. Kwa nje inaonekana ni redio ileile iliyobadilishiwa njia, lakini kazi yenyewe inageuka. Redioni mtangazaji husema "asubuhi ya leo" na kila mtu anaelewa, kwa sababu saa ya redio na saa ya msikilizaji ni moja. Faili la sauti halina saa. Linaweza kusikilizwa Kinama jioni hiyohiyo, au wiki tatu baadaye katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa hiyo tarehe na mahali lazima visemwe ndani ya sauti yenyewe. Tena bando ni ghali na simu zimejaa. Taarifa ndefu hukatizwa au haifunguliwi. Na kosa likishatumwa halirudishwi kwa kusahihisha kwenye taarifa ya saa moja, maana waliopata kosa si lazima ndio watakaopata sahihisho.

Gumu kuliko yote ni jina. Mtaji wa redio ni sauti inayojulikana: mtu akisikia mtangazaji fulani anaamini. Kwa usalama, waandishi wa SOS Médias walifanya kazi bila kutajwa majina. Imani ya msikilizaji ikabidi ijengwe upya juu ya kitu kingine, yaani habari zenyewe kuthibitika siku baada ya siku. Viongozi wengi ninaowajua wangekubali kubadilisha mitambo yote kabla ya kukubali jina lao litoweke kazini.

Iwacu, gazeti lililoanzishwa na Antoine Kaburahe mwaka 2008, lilishika njia tofauti. Lilibaki wazi Bujumbura, na hata Kaburahe alipolazimika kwenda Ubelgiji mwishoni mwa 2015 chumba cha habari hakikufungwa. Tayari lilikuwa na tovuti, video, sauti na nyumba ya kuchapisha vitabu, kwa hiyo halikutegemea mguu mmoja. Gharama yake haikuwa ndogo: mwandishi wake Jean Bigirimana alitoweka Julai 2016 na hajaonekana tena, tovuti ikazuiwa nchini mwaka 2017, na wasomaji wakaendelea kuifikia kupitia nakala yake iliyowekwa na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka. Isanganiro ilirudi hewani Februari 2016 baada ya kutia saini masharti ya serikali. Wapo walioilaumu. Mimi siwezi kulilaumu kwa wepesi shirika lililochagua kusikika kwa mkulima asiye na simu ya intaneti, na Burundi wakulima hao ndio wengi.

Redio za uhamishoni nazo zilipata makao Kigali, Rwanda, zikituma vipindi kwa mtandao na WhatsApp. Zilikuwa na chombo kipya, ila zilikaa kwa mwenye nyumba. Februari 2021, uhusiano wa serikali za Burundi na Rwanda ulipoanza kutengemaa, Bonesha FM iliruhusiwa kurudi hewani Bujumbura. Mwezi uliofuata, Rwanda ikazitaka Inzamba, RPA na Renaissance zisitangaze tena kutoka ardhi yake. SOS Médias, isiyokuwa na studio ya kufungwa katika mji wowote kati ya hiyo miwili, iliendelea kutoa habari.