Pikipiki Kwenye Foleni: Ogopa Ile Nafasi Iliyoachwa

Jioni watu wanapotoka kazini, Old Kent Road, kusini mwa London, hujaa mabasi mekundu, malori na magari madogo yanayosogea kwa kujikongoja. Mimi kazi yangu ni kupeleka vifurushi kwa pikipiki. Nikisema nijipange nyuma ya kila gari, sitapata hela ya kula. Kwa hiyo napenya. Wageni wangu kutoka Tanga hushangaa trafiki akinitazama tu na kuendelea na shughuli zake, maana wanaamini Ulaya kila kitu kimepigwa marufuku.

Kupenya huku si kosa. Highway Code, kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza, kinalitaja jambo hili waziwazi katika kanuni ya 88: ukipita katikati ya magari yanayokwenda taratibu, uwe mwangalifu na mwendo wako uwe mdogo. Kanuni ya 211 nayo inawakumbusha wenye magari kututazama kabla hawajakata kona au kuhama njia.

Mipaka ipo. Katikati ya barabara kukiwa na mistari miwili myeupe, na ule wa upande wako haukukatika, usiuvuke. Ukikaribia zebra, penye ile michoro ya zigizaga, usilipite gari lililo karibu zaidi na kivuko. Huenda kuna mtu anavuka mbele yake na wewe humwoni. Na kile kisanduku cha baiskeli kilichochorwa barabarani kwenye taa si chetu, hata kama umefika mbele ya wote.

Hata hivyo, kuruhusiwa kupita hakukuondolei lawama. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Powell na Moody. Dereva wa lori la maziwa alikuwa ameacha nafasi kwenye foleni, gari likawa linatoka taratibu barabara ya pembeni kupitia nafasi hiyo, na mwenye pikipiki aliyekuwa akiipita foleni akagongana nalo. Majaji walimtwika mwenye pikipiki asilimia 80 ya lawama. Mwaka 2006, katika kesi ya Davis na Schrogin, mambo yalikuwa kinyume: dereva aliyekuwa kwenye foleni aligeuza gari ghafla ili arudi alikotoka, pikipiki ikiwa imeshamkaribia, na lawama yote ikawa yake.

Kesi ile ya lori la maziwa ndiyo ninayotembea nayo kichwani. Magari yakibanana bampa kwa bampa, hakuna linaloweza kukukatia njia. Tatizo ni pale unapoona lori limebaki nyuma na mbele yake pana uwazi wa kutosha gari zima. Uwazi huo haukuachwa bure. Kuna gari linatoka kichochoroni, au mama anavuka na kigari cha mtoto, au mtu wa njia ya pili anataka kuchomekea. Hapo naachia mafuta, vidole viwili viko kwenye breki, na nasogea nikiwa tayari kusimama. Hata kule Dar, daladala ikisimama Buguruni na kuacha nafasi mbele yake, mambo ni yale yale.

Taa ya kona naiangalia, ila siitegemei. Natazama matairi ya mbele, kwa sababu wako madereva wanaokata usukani kwanza, taa wanaikumbuka baadaye. Teksi nyeusi yenye abiria naipitia mbali, mlango wake unaweza kufunguka popote. Katikati ya lori na ukingo wa barabara siingii kabisa. Dereva wake yuko juu, na upande ule hakuoni.

Kuhusu mwendo, kipimo changu ni kutoyazidi magari kwa zaidi ya maili 10 au 15 kwa saa, yaani kama kilomita 16 hadi 24. Foleni ikifunguka na magari yakaanza kukimbia, narudi kwenye mstari kama wengine. Kupenya katikati ya magari yanayokimbia ni ujinga, iwe London au Dar.

Nawe mwenye gari, nakuomba jambo moja. Ukimwachia mwenzako nafasi atoke, usimpungie mkono kwamba njia ni nyeupe. Mwache achungulie mwenyewe, kwa sababu wewe huoni kinachokuja ubavuni mwako.