Mfumo Umfuate Mtu, Si Mtu Aufuate Mfumo

Mkulima wa karafuu wa Wete anayempelekea mwanawe ada ya masomo Unguja hahitaji tena kungoja boti. Hubonyeza simu yake tu. Hata hivyo, tarakimu moja ikikosewa, pato la msimu mzima laweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyemjua. Je, kosa hilo ni lake peke yake? Wataalamu wa usanifu wa mifumo hujibu kuwa sivyo. Binadamu hukosea, na mfumo mwema huundwa kwa kulitambua hilo.

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2019, huelekeza hatua nne: kumfahamu mtumiaji na mazingira yake, kuainisha mahitaji yake, kusanifu, kisha kuijaribu kazi hiyo kwa watumiaji wenyewe na kuirekebisha.

Mfano uko jirani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo. Walipofuatiliwa, wateja walionekana kuitumia kwa mengine pia, hasa kutumiana fedha. Huduma ikasanifiwa upya na kuzinduliwa Machi 2007. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Kabla ya kuthibitisha muamala wowote, mtumiaji ajiulize:

1. Je, maelezo yako katika Kiswahili ninachokielewa?
2. Je, jina la mpokeaji limeonyeshwa kabla sijaingiza namba ya siri? Likiwa silo, sitisha.
3. Je, makato yametajwa?
4. Je, ipo nafasi ya kurudi nyuma?

Fedha ikipotea njia, wasiliana na mtoa huduma papo hapo na umtajie namba ya muamala iliyomo katika ujumbe wa uthibitisho. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Ujumbe wa kitapeli uripotiwe kwa namba 15040. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, lalamiko lako waweza kulifikisha Benki Kuu ya Tanzania, msimamizi wa mifumo ya malipo nchini.

Unapolalamika, usikomee kusema kwamba fedha imepotea. Eleza ni hatua gani iliyokuchanganya na ni neno gani hukulielewa. Maelezo hayo ndiyo yanayomwonyesha msanifu mahali pa kurekebisha, ili kosa lililokupata lisimpate mwingine.