Je, Sauti Yaweza Kurekebisha Damu?

Ndugu msomaji, mtoto akikosa usingizi kwa maradhi, nyumba nzima hukesha, na nyumba inayokesha humfungulia mlango kila mpita njia anayesema ana dawa. Haya niliyashuhudia mwenyewe mwezi wa Aprili 2024, siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, nilipokwenda Ruiru kumtazama mjukuu wangu. Ni binti wa mpwa wangu, umri wake ulikuwa miaka sita, na ana ugonjwa wa selimundu.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu Pwani. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na mtoto akashikwa na maumivu ya mifupa ambayo hata mtu mzima hayastahimili. Homa, kukosa maji ya kutosha na baridi ndivyo viamshavyo maumivu hayo. Mpwa wangu alihama Mombasa kwa kazi ya kiwanda huko Thika, akapanga nyumba Ruiru kwa kuwa kodi yake ilimfaa. Na Ruiru wakati wa masika, kwa sisi tuliozaliwa karibu na bahari, ni mahali pa baridi kweli.

Nilimkuta mtoto amelala kitandani, amefunikwa blanketi mbili, na masikioni amevishwa vidude vya kusikilizia.

"Shikamoo, babu," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mama. Wasikiliza kisomo?"

Hakujibu. Alijibu baba yake. "Hapana, mjomba. Hiyo ni sauti ya 528. Yarekebisha DNA yake."

Juu ya kabati niliiona chupa ya vidonge vya haidroksiurea aliyopewa hospitali. Ilikuwa imejaa. Mama wa mtoto aliniona nikiitazama, akainamisha kichwa. Dawa ilikuwa haijaguswa tangu kabla ya Ramadhani.

HUKO THIKA

Sikutaka kumgombeza mpwa wangu kwa jambo nisilolijua. Asubuhi yake nilimwomba anipeleke kwa huyo aliyemfundisha. Tulipanda matatu hadi Thika, tukashuka kwa miguu mpaka nyumba moja upande wa mto Chania. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi mno, na mto ulikuwa umejaa maji mekundu yaliyokwenda kwa kishindo.

Mwenye nyumba alitukaribisha vizuri, na kwa haki yake nitasema kwamba alikuwa mtu mpole mwenye maneno matamu. Chumbani mwake palikuwa na bakuli za shaba, uma za chuma zinazolia zikigongwa, na vipaza sauti viwili vikubwa. Alituambia kwamba mwili ni nishati, kwamba DNA ni kama waya wa redio unaopokea mawimbi ya ulimwengu, na kwamba ugonjwa ni redio iliyotoka kwenye kituo chake. Fahamu ya mtu, alisema, ndiyo inayoandika damu yake. Na sauti yenye mitetemo 528 kwa sekunde huzirudisha herufi za DNA mahali pake. Alisema hata maporomoko ya Chania yana mtetemo wa kuponya. Vidonge, kwa maneno yake, ni kelele zinazoharibu wimbo wa mwili. Kisha akatutajia ada ya kila mwezi.

Mpwa wangu alinitazama kama anayesema, wasikia mwenyewe? Nami nikanyamaza, kwani nilikuwa nikiyapima maneno.

ASILI YA HESABU HIYO

Nadharia hizi hazikuzaliwa Thika. Hesabu ya 528 ilienezwa Marekani na Leonard Horowitz, daktari wa meno, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 pamoja na Joseph Puleo. Puleo alisema alizipata hesabu zake kwa kujumlisha tarakimu za aya za Biblia, katika kitabu cha Hesabu. Huko Urusi Peter Gariaev alidai kwamba DNA husikiliza maneno na kutii mawimbi. Naye Masaru Emoto wa Japani aliwashangaza wengi kwa picha za barafu, akisema maji yaliyoambiwa maneno mema huganda kwa umbo zuri. Lakini katika picha nyingi zilizopigwa, zilichaguliwa chache za kuonyeshwa, na mwenye kuchagua hupata akitakacho.

Tuitazame hiyo 528. Ni mitetemo 528 katika sekunde moja. Na sekunde ni nini? Asili yake ni sehemu moja katika 86,400 za usiku na mchana, kwa kuwa watu wa kale waliamua kugawa siku kwa saa 24, saa kwa dakika 60, na dakika kwa sekunde 60. Sisi Waswahili twaanza saa moja pale Mzungu anaposema saba, na jua halikosi kuchomoza. Lau wahenga wangeligawa siku kwa hesabu nyingine, sauti ile ile isingeitwa 528. Itakuwaje basi damu ya mtoto iwe inasubiri hesabu iliyotokana na mapatano ya watu?

Tena kuna jambo la ukubwa. Sauti hiyo ikipita katika nyama ya mwili, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita tatu. Uzi wa DNA nao ni mwembamba kiasi kwamba nyuzi milioni moja zikipangwa bega kwa bega hufika milimita mbili tu. Wewe uliyesafiri kwa mashua wajua kwamba wimbi kubwa huinua mashua nzima na kuishusha. Haliwezi kuchagua uzi mmoja ndani ya tanga na kuufuma upya.

HERUFI MOJA

Umbo la DNA lilijulikana mwaka 1953, kwa msaada mkubwa wa picha za eksirei za bibi Rosalind Franklin wa Uingereza. Ni maandishi ya herufi nne, A, T, G na C, yenye jumla ya herufi kiasi cha bilioni tatu. Katika hizo zote, mwenye selimundu ana herufi moja ya A iliyokaa T, katika maagizo ya kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa. Tena chembe nyekundu ikishakomaa haina kiini wala haina DNA ndani yake. Maagizo yamo katika uboho wa mifupa. Kwa hiyo hata sauti ingekuwa na uwezo huo, isingekuta cha kurekebisha katika chembe hizo zilizopinda.

Na herufi hiyo si laana, wala si redio iliyoharibika. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana wa Kizungu aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Aliona kwamba alama ya selimundu ni nyingi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni chache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, waliokuwa nayo walipona wakazaa. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Mtaalamu wa Thika alisema DNA imebeba sauti za mababu. Iliyobeba ni kumbukumbu ya aina nyingine: mababu zetu walipigana na malaria, na mjukuu wangu analipa gharama ya vita vile. Ndiyo maana majirani zake wengi wa Ruiru, ambao wazee wao waliishi kwenye baridi pasipo na mbu wengi, hawakuujua ugonjwa wake, wakamwambia baba yake ni majini. Mtu asiyekuwa na wa kumweleza jambo lake humwamini wa kwanza anayejitia kulijua.

KAHAWA YA RUIRU

Tuliporudi nilimwonyesha mpwa wangu mashamba ya kahawa yaliyobaki katikati ya nyumba za kupanga. Nilimwambia, "Hapa Ruiru urithi ulibadilishwa kweli, mwanangu. Wajua walifanyaje?"

Ugonjwa wa chulebuni ulionekana Kenya tangu mwaka 1922, ukawa unaozesha matunda ya kahawa mtini. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru walichukua chavua ya mti wenye nguvu dhidi ya ugonjwa wakaipaka kwa mkono katika ua la mti mwingine, wakapanda, wakangoja, wakachagua, wakaanza tena, mpaka mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11. Na hata hiyo, mkulima akipanda mbegu alizoziokota chini ya miti yake, hazifuati mama yao sawasawa. Hakuna aliyeuimbia mbuni ukabadilika.

Kwa binadamu nako kazi imeanza. Novemba 2023 Uingereza, kisha Desemba Marekani, ziliruhusu tiba inayotoa chembe za uboho, kuzirekebisha maagizo yake nje ya mwili, na kuzirudisha baada ya mgonjwa kupewa dawa kali. Marekani bei yake ilitajwa kuwa dola milioni 2.2. Hiyo kwetu bado ni ndoto. Lakini haidroksiurea si ndoto. Haibadilishi ile herufi. Huuamsha mwili utengeneze tena damu ya aina ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haipindi. Uchunguzi wa watoto zaidi ya 600 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezwa damu, na vifo. Kilifi, ndugu msomaji! Dawa ilijaribiwa mlangoni petu, nasi twaiweka juu ya kabati.

Mpwa wangu alinijibu neno lililonichoma. "Mjomba, lakini wiki za kwanza za sauti hakuumwa hata siku moja."

Nilimwambia ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Maumivu ya selimundu huja na kwenda. Baina ya zahama moja na nyingine, chochote utakachompa mtoto kitaonekana kimemponya. Tena nguvu ya vidonge haiondoki mara moja. Alikuwa akiishi kwa akiba ya dawa aliyokwisha kunywa. Akiba ilipokwisha na baridi ikashika, ndipo tukamkuta hali ile.

Alikaa kimya mpaka tukafika mlangoni, kisha akasema, "Nilitaka apone, mjomba. Si apunguziwe. Apone." Sikuwa na jibu la kumpa mzazi juu ya hilo, nami sina hadi leo.

Kesho yake tulimpeleka mtoto kliniki. Daktari alimpima damu, akamwanzishia tena vidonge, akamwandikia tarehe ya kurudi. Hakumkemea mtu.

SAUTI NA MAHALI PAKE

Huenda msomaji akaniuliza: Je, nawe hukusomewa kombe utotoni? Nilisomewa, na nilikunywa. Wala sisemi sauti haina kazi. Mawimbi makali ya sauti huvunja mawe ya figo hospitali, na mengine humwonyesha mkunga mtoto aliye tumboni. Mama akimbembeleza mtoto, mtoto hutulia. Na moyo uliotulia hustahimili maumivu. Lakini msomaji wa kisomo humwomba Mwenyezi Mungu, na anajua kwamba kujibiwa si kwa amri yake. Yule wa Thika haombi. Anauza ahadi kwa mwezi, na sharti lake ni kuacha dawa. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tutafute matibabu, na sote twaijua habari ya bedui na ngamia wake: kufunga kamba kwanza, kisha kutawakali.

Usiku wa mwisho kabla sijaondoka, mama yake alimpa kidonge kwa maji ya uvuguvugu, akamfunika, akaketi pembeni akamsomea kwa sauti ya chini. Mtoto alilala. Hakuwa amepona, alikuwa amelala tu, na katika nyumba ile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ndugu zangu, liko jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu. Wenye alama hiyo wawili wakioana, kila mimba huwa na hatari moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, na sisi Pwani twaoana sana ndugu kwa ndugu. Kipimo chake ni cha damu kidogo tu. Kabla ya kupeleka posa na kuhesabu mahari, kijana na binti wakapime. Si aibu, wala si kasoro ya kabila. Oman nako ugonjwa huu upo na watu hupimwa kabla ya ndoa. Na aliye na mtoto mgonjwa nyumbani, aiteremshe ile chupa kutoka juu ya kabati leo hii.