Meneja wa England, meneja wa Korogwe: Jina moja, kazi mbili

UKIKAA kwenye kibanda umiza kati ya Handeni na Korogwe siku ya Ligi Kuu England, ubishi huu haukosi. Mtangazaji anamtaja meneja, shabiki wa benchi la nyuma anadakia: "Sasa meneja anawafokea nini wachezaji? Kocha yuko wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Kwetu meneja wa timu ndiye anayehakikisha leseni za wachezaji zipo, jezi zimefika na kambi ina chakula. Kikosi anapanga kocha.

Waingereza wamezoea vingine. Kwao meneja ndiye bosi wa benchi. Sir Alex Ferguson pale Manchester United, 1986 hadi 2013, na Arsene Wenger pale Arsenal, 1996 hadi 2018, walipanga kikosi na bado wakawa na sauti nzito kwenye usajili. Kocha ni mtu wa mazoezini, kazi yake kuwanoa wachezaji.

Na si suala la jina tu. Mikel Arteta alitua Arsenal Desemba 2019 kama kocha mkuu. Agosti 2020 akabeba Kombe la FA, Septemba akapandishwa kuwa meneja, sauti yake kwenye usajili ikaongezeka. Liverpool wakaenda kinyume mwaka 2024: Jurgen Klopp aliondoka akiwa meneja, Arne Slot akaingia kama kocha mkuu, huku usajili ukiwa chini ya mkurugenzi wa michezo, Richard Hughes.

Sasa turudi kwenye ndondo zetu, iwe Mkata, Kabuku au Mombo. Utamkuta meneja mwenye mfuko wake: kanunua jezi, kalipa ada ya mashindano. Kasikia Ferguson alikuwa meneja, basi naye anataka kuchagua straika. Timu ikipigwa tatu, anayefungashiwa virago ni kocha, na kikosi chenyewe hakukipanga yeye!

Kocha kijana, ukiitwa kuchukua timu usiulize posho tu. Uliza nani anapanga kikosi, nani anasajili, na yaandikwe kabla ya mechi ya kwanza. Ukitimuliwa, angalau utimuliwe kwa makosa yako mwenyewe.